Walimu wa Kiswahili, tupande gari la Makunduchi

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Bujumbura, na makazi yangu ni Mutanga Nord. Jioni, jua linapoelekea kuzama nyuma ya milima ya Kongo, huwa ninaketi barazani na rundo la madaftari ya wanafunzi, kalamu nyekundu mkononi, ziwa likionekana kule chini. Kwa miaka mingi kalamu hiyo haikuwa na huruma. Leo naomba nieleze jinsi safari ya siku moja katika kisiwa cha Unguja, kwa gari la abiria na kwa miguu, ilivyoipunguza makali, na kwa nini naona kila mwalimu wa Kiswahili nchini Burundi angefaa kupelekwa safari kama hiyo kabla ya kukabidhiwa darasa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2017 nilikuwa na mwanafunzi mmoja, binti wa Buyenzi, aliyekuwa wa kwanza kunyoosha kidole kila nilipouliza swali. Siku moja nilimwita mbele asome insha yake. Akasoma: “Mama iko anapika, na miye niko nasoma.” Nikamsimamisha. Nikaliuliza darasa kama hicho ni Kiswahili au ni kelele za sokoni. Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao, kisha nikaandika ubaoni: “Mama anapika, nami ninasoma.” Binti yule akarudi kwenye dawati lake. Tangu siku ile hakunyoosha kidole tena katika somo langu, na mwaka uliofuata akahamia shule nyingine. Sikuwahi kumwomba radhi.

Jambo la ajabu ni kwamba mimi ndiye niliyepaswa kujua uchungu wa kuchekwa kwa sababu ya lugha. Mimi ni mmoja wa wale tunaoitwa abahungutse. Wazazi wangu walikimbia mwaka 1972, na mimi nikazaliwa katika makazi ya Mishamo, wilaya ya Mpanda huko Tanzania. Shule yote nimesomea huko, ya msingi kwa Kiswahili, ya sekondari kwa Kiingereza. Nyumbani tuliongea Kirundi, lakini Kirundi cha wazazi waliotoka na maneno ya mwaka 1972 wakayatunza kama mbegu. Tuliporudi mwaka 2009 nilikuta maneno mengine ya mama yangu hapa hayasemwi tena. Kifaransa sikuwa nacho hata cha kuombea maji. Ofisini nilipeleka vyeti vyangu vya Kiingereza, karani akavigeuza juu chini kama mtu anayetafuta bei. Sokoni nikifungua mdomo watu walitazamana. Na kama wewe ni Mrundi unajua kwamba zamani kumwita mtu “umuswahili” halikuwa jina la lugha tu; lilikuwa na maana ya mtu mjanja, asiyeaminika.

Basi katika hali ile kitu kimoja tu kilinibakia cha kujivunia: Kiswahili sanifu. Serikali ilikuwa imekwisha kukiingiza Kiswahili katika shule za msingi, Burundi ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Julai 2007, na walimu wanaokijua vizuri walikuwa wachache. Ghafla yule aliyekuwa akichekwa akapewa chaki. Sasa najiuliza: mtu aliyechekwa akipewa chaki, afanye nini? Mimi nilichagua kuwacheka wengine.

Twende kwenye safari. Mwezi Agosti 2018, wakati wa likizo kubwa, nilikwenda Dar es Salaam kumtembelea kaka yangu. Kaka yangu hakurudi Burundi. Yeye alikuwa miongoni mwa wale zaidi ya 160,000 waliochagua uraia wa Tanzania, uliotangazwa mwaka 2010, na vyeti vyao wakaanza kukabidhiwa mwaka 2014. Alipokuwa akinipokea kituo cha mabasi, baada ya mimi kusafiri siku mbili, aliniuliza, “Mdogo wangu, safari hii nikupeleke wapi?” Nikamjibu bila kufikiri: Unguja.

Ili unielewe, ndugu msomaji, lazima ujue kwamba tukiwa Mishamo hatukuwa watu wa kusafiri. Ili kutoka nje ya makazi mkimbizi alihitaji kibali. Unataka kwenda hospitali Mpanda, kibali; unataka kwenda kuzika ndugu Katumba, kibali. Darasani tulijifunza habari za Unguja, karafuu, masultani na Mapinduzi ya 1964, nami nilichora ramani ya kisiwa kile mara nyingi kiasi kwamba hata leo ningeweza kuichora nimefumba macho. Lakini ilikuwa kama kuchora mwezi. Na nilipokuwa mwalimu nikawa nawaambia wanafunzi wangu wa Bujumbura kwamba Kiswahili sanifu kimetokana na Kiunguja, nikisema kwa sauti ya mtu aliyetoka huko jana.

Tulivuka kwa boti asubuhi, kama saa mbili hivi za bahari. Bandarini Malindi nikaelekezwa kwenye foleni ya wageni ili pasipoti yangu igongwe muhuri. Kaka yangu akaonyesha kitambulisho chake akapita. Tumezaliwa katika nyumba moja ya udongo, tumelala kwenye mkeka mmoja, na pale tukasimama katika foleni mbili. Hatukusema kitu. Yeye akanisubiri upande wa pili akiwa amenunua karanga.

Tukalala mjini usiku ule, na kesho yake saa moja na nusu asubuhi tulikuwa Darajani, ambako siku zile magari ya shamba yalikuwa yakiondokea. Yale magari kila moja lina namba ya njia yake: 116 linakwenda Nungwi kaskazini, 309 Jambiani, 326 Kizimkazi. Sisi tulitafuta 310, la Makunduchi, kwa sababu kwenye ramani yangu ya Mishamo huko ndiko barabara ilikokuwa ikiishia. Nauli haikufika shilingi elfu tatu za Tanzania. Nasisitiza jambo hili la nauli kwa kuwa watu wengi wa hapa kwetu wanaamini Zanzibar ni ya wazungu wenye dola. Hoteli ndizo za dola. Barabara ni ya kila mtu.

Gari lenyewe lilikuwa la mabenchi ya mbao, abiria tukitazamana magoti kwa magoti, mizigo juu ya paa: magunia ya unga, baiskeli, godoro, na kuku wawili waliofungwa miguu. Nikamwamkia mama mtu mzima aliyekuwa karibu nami, “Shikamoo, bi mkubwa,” akaitika, “Marahaba, mwanangu,” akanisogezea nafasi pasipokuwa na nafasi. Tulipita Mwanakwerekwe na Tunguu, minazi na miembe pande zote mbili, kisha msitu wa Jozani ambako dereva alipunguza mwendo kwa sababu ya matuta yaliyowekwa ili kuwalinda kima punju, wale kima wekundu wasiopatikana mahali pengine popote duniani isipokuwa huko Zanzibar. Mmoja alivuka barabara akiwa na mtoto tumboni, hana haraka. Baada ya Kitogani nchi ikabadilika. Udongo ukawa mwembamba, mawe ya matumbawe yakatokeza juu, miti ikawa mifupi. Mtu aliyezoea udongo mwekundu wa Burundi, unaoshika mguu, hushangaa jinsi watu wanavyolima kwenye mawe kama yale. Lakini wanalima, muhogo umo katikati ya mawe.

Safari nzima haizidi kilomita 70. Ilituchukua karibu saa mbili kwa sababu gari lilisimama kila palipokuwa na mkono ulioinuliwa, na mara moja lilisimama ili kondakta apeleke dawa kwa bibi mmoja na kuuliza hali ya mguu wake.

Makunduchi nilikuwa nimeisoma kwa ajili ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya watu wa huko, ambayo hufanyika mwezi Julai na ina asili ya Nairuzi ya Uajemi. Wanaume hupigana kwa mikungu na magome ya migomba na kibanda cha makuti huchomwa moto. Sisi tulifika sherehe imekwisha, mji umetulia. Tulitembea kupita majumba ya ghorofa ya enzi ya Mzee Karume, yaliyosimama katikati ya kijiji kama mabweni yaliyosahauliwa, tukateremka hadi pwani. Maji yalikuwa yamekupwa. Wanawake walikuwa mbali huko mchangani wakifunga mwani kwenye kamba, kazi iliyoanza pwani ile ya mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengine walikuwa wakifukua makumbi ya nazi yaliyozikwa mchangani ili yalainike wapate kusokota kamba.

Wakati wa kurudi tukapotea. Vichochoro vya Makunduchi, baina ya kuta za mawe, vyote vinafanana. Tukakuta wazee wanne wamekaa barazani chini ya mwembe. Nikawaamkia, nikauliza njia kwa Kiswahili changu kizuri kabisa, kile cha ubaoni. Mmoja akanijibu vizuri. Kisha wakaendelea na mazungumzo yao wenyewe, na hapo, ndugu msomaji, nikapatwa na jambo ambalo sijawahi kulisimulia darasani kwangu hadi mwaka jana: sikuelewa. Neno moja katika matatu nilishika, mengine yalipita kama upepo. Vitenzi vilikuwa vyangu lakini vimevaa nguo nyingine. Ukanushi sikuujua. Sitajaribu kuandika hapa nilichosikia, kwani nitakiandika vibaya na wenyewe watanicheka kwa haki.

Kaka yangu akanitazama akitabasamu. “Mwalimu,” akasema, “watafsirie.”

Mzee mmoja akasikia neno mwalimu. “Wewe mwalimu?”

“Ndiyo, mzee wangu.”

“Wasomesha nini?”

Nikasita kidogo. “Kiswahili.”

“Wapi?”

“Burundi.”

Wakacheka, lakini si kile kicheko cha darasani kwangu. Walicheka kama watu waliopata mgeni. Tukakaribishwa tukae, likaletwa dafu, na yule mzee akanifundisha kwa subira kama ninavyopaswa mimi kufundisha. Akasema: “Hicho unachosema wewe ni cha mjini. Chetu sisi ni Kikae.” Na Kikae, kama jina lenyewe linavyosema, maana yake ni cha kale. Akanieleza kwamba alipokuwa mtoto shuleni mwalimu wao alikuwa akiwakataza kukisema. Mtoto akijisahau akasema kama mama yake, anasimamishwa mbele na wenzake wanaambiwa wamcheke. “Basi tukajifunza kunyamaza,” akasema. “Na sasa wajukuu wangu wanasikia ninachosema, ila wananijibu kimjini.”

Mimi nilikuwa nashika dafu, nikimfikiria binti wa Buyenzi.

Sasa tuyaweke mambo sawa, maana hapa ndipo penye hoja yangu. Kiswahili sanifu hakikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, wakuu wa elimu wa makoloni na wamisionari wakachagua Kiunguja cha mjini kiwe msingi wa lugha ya shule na vitabu, wakakiacha Kimvita cha Mombasa kilichokuwa na ushairi mkubwa wa karne nyingi. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya pamoja ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar kuisimamia kazi hiyo. Sisi hatukuwapo, Ruanda-Urundi ilikuwa chini ya Wabelgiji. Uchaguzi ule ulikuwa na faida kubwa, sikatai. Bila huo nisingeweza kuandika makala hii ikasomeka Bujumbura na Mombasa. Lakini ulikuwa uchaguzi wa ofisi, na haukusema kwamba lugha ya Makunduchi ni kelele.

Na tazama mambo yalivyo kinyume. Kutoka Makunduchi tulipanda gari tukashuka njia panda ya Kufile, kisha tukaamua kutembea hadi Kizimkazi Dimbani, mwendo wa zaidi ya saa moja katika jua la adhuhuri. Kaka yangu alinilaumu njia nzima. Tulifika tukiwa tumelowa jasho, miguu myeupe kwa vumbi la matumbawe. Pale Dimbani, karibu na pwani, uko msikiti mdogo wenye paa la mabati, ambao mpita njia asiyeambiwa angeupita bila kugeuka. Tulivua viatu, tukaombewa ruhusa, tukaingia. Ukutani, upande wa kibla, yapo maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika matumbawe, na tarehe yake ni mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 wa Miladi. Jengo lenyewe sehemu kubwa limejengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi ni yale yale. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yaliyobaki mahali pake katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Mwaka 1107! Mji Mkongwe tunaousifu ulikuja kupata ukubwa wake karne ya 19, Sayyid Said alipohamishia makao yake Unguja kutoka Oman. Watu wa kusini walikuwa na mji, mafundi na msikiti wa mawe zaidi ya miaka 700 kabla ya hapo. Kisha ofisi ikaja, ikachukua lugha ya mjini, ikawaambia wa kusini kwamba wanakosea. Mtoto akamsahihisha bibi yake. Leo Rais wa Tanzania mwenyewe, Mama Samia Suluhu Hassan, ni mzaliwa wa kusini huko huko, na sidhani kama kuna mwalimu anayethubutu kucheka tena.

Mwalimu mwenzangu mmoja aliyepata kusoma Ulaya, nilipomsimulia haya, alinieleza siku aliyozunguka Malta kwa basi na kwa miguu, kisiwa kidogo cha bahari ya Mediterania, kidogo kuliko Unguja mara kadhaa. Huko nako waungwana wa mjini walikuwa wakiongea Kiitaliano, na Kimalta, chenye mizizi ya Kiarabu, wakakiita lugha ya jikoni. Lugha ile ya jikoni ikafanywa lugha rasmi mwaka 1934, na tangu 2004 ni lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya. Hati za Brussels zinatafsiriwa kwa lugha ya wapishi na wavuvi. Sisemi Kiswahili cha Buyenzi kipelekwe Brussels. Nasema tu kwamba jikoni ndiko lugha nyingi zilikopikwa.

Buyenzi je? Kiswahili hakikuja Burundi na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kilikuja na misafara kutoka Ujiji karne ya 19, Wajerumani wakakitumia katika utawala walipojenga kituo cha Usumbura, na Wabelgiji walipokuja hawakukipenda, wakataka kibaki kwenye mitaa ya Waswahili. Kikabaki. Bila kitabu, bila mwalimu, bila mshahara, watu wa Buyenzi na Bwiza wakakitunza kwa zaidi ya miaka mia moja, kikachanganyika na Kirundi, na Kiswahili cha Uvira, na Kifaransa cha ofisini. Ule msemo wa “niko nasoma” haukutokana na uvivu. Ni kanuni inayofuatwa kuanzia Bujumbura hadi Lubumbashi, na mamilioni ya watu wanaelewana kwayo. Kisha tunakuja sisi tuliosoma Tanzania, tunamwambia mtoto wa Buyenzi kwamba bibi yake hajui Kiswahili.

Nimekwisha kusikia pingamizi, tena kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema: mwalimu, kama kila kitu ni sawa, utasahihisha nini? Mtihani wa taifa hautaki “iko anapika”. Na kazi za Jumuiya, redio, ukalimani, zote zinataka sanifu. Ni kweli tupu. Mtoto asiyefundishwa sanifu tumemnyima pasipoti, na mimi najua maana ya kutokuwa na karatasi ya kupitia. Kwa hiyo sanifu nitaifundisha hadi nistaafu. Ninachokataa ni kumvua mtoto shati lake kabla ya kumpa koti. Unaweza kumwambia: nyumbani mnasema hivi, kitabuni tunaandika hivi, na hii ndiyo tofauti baina ya vitenzi viwili. Hilo ni somo la sarufi, tena zuri sana. Kumchekesha mbele ya wenzake si somo la chochote.

Zanzibar wenyewe wamekwisha kurekebisha. Haji Chum alikusanya msamiati wa Kikae, na orodha yake ikachapishwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baraza la Kiswahili Zanzibar limetoa kamusi za Kimakunduchi, Kitumbatu na Kipemba. Kwetu ni nani aliyewahi kukaa na wazee wa Buyenzi akaandika maneno yao? Tunafanya warsha za Kiswahili hotelini, zenye soda mbili na bahasha ya nauli, tunakubaliana kwamba Kiswahili kikuzwe, tunapiga picha. Fedha ya warsha moja ya namna hiyo ingewapeleka walimu kumi hadi Unguja kwa basi na boti, wakalala nyumba ya wageni ya kawaida, wakapanda 310. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki makao yake yako huko huko Zanzibar, na Burundi ni mwanachama. Sidhani kama barua ya kuomba walimu wetu wapokelewe ingerudishwa. Na kama hilo ni gumu, basi tuanze na Buyenzi, ambako kutoka hapa Mutanga Nord hata nauli haihitajiki. Tangu uhaba wa mafuta ulipoanza kutubana mwaka 2022, nani kati yetu hajajifunza kutembea?

Mimi nimeanza kwa uwezo wangu mdogo. Katika daftari la kila mwanafunzi wangu ukurasa wa mwisho ni wa maneno ya nyumbani. Kila wiki analeta matatu, aliyoyasikia kwa bibi, kwa kinyozi, kwenye basi, na tunatafuta mwenzake wa kitabuni. Mwanzoni walileta kwa woga, wakidhani ni mtego. Sasa wanashindana, na wamenifundisha maneno ambayo kamusi yangu haina. Mtihani unapofika wanaandika sanifu, wala si vibaya kuliko zamani. Mkuu wetu wa masomo bado anatikisa kichwa akiuona ukurasa ule, lakini hajaufuta.

Nimalizie siku ile. Gari la mwisho kutoka Kizimkazi tulilipata kwa bahati, jua likiwa limekaribia kuzama. Kaka yangu alisinzia begani kwangu, mtu mzima mwenye mvi. Karibu na Tunguu akaamka, akaniuliza kwa Kirundi, kile cha mama yetu cha mwaka 1972, kama nimeridhika sasa na ramani yangu. Mama mmoja aliyeketi mbele yetu akauliza ile ni lugha gani, mbona tamu. Kaka akamwambia, “Ni Kikae chetu.”

Wiki iliyopita nilikuwa mjini, foleni ya basi la kupanda huku kwetu ikiwa ndefu kama kawaida. Nilipofika mlangoni gari lilionekana limejaa, nikaanza kurudi nyuma. Kijana anayekusanya nauli, huenda ni mtoto wa Buyenzi kwa jinsi anavyoongea, akanishika mkono. “Kuya tu, mwalimu,” akasema, “iko fasi moja kule nyuma.” Nikaingia, nikaenda nikakaa.